Muulize Fundi: Pikipiki za zamani zinapopanda kilima

Barua za safari hii zimekuwa nyingi kuliko kawaida. Toleo lililopita nilisimulia Jumapili moja ya Julai niliyoshinda Shelsley Walsh, kijiji kidogo kwenye bonde la mto Teme, magharibi mwa England, nikimsaidia mzee jirani yangu kuipandisha kilimani pikipiki yake ya Velocette ya mwaka 1938. Nafasi ilikuwa finyu, mengi niliyagusa juu juu, nanyi mmenibana. Nimechagua barua sita. Wale mlioniuliza bei za pistoni na ringi, nivumilieni hadi toleo lijalo.

Fundi, shikamoo. Hayo mashindano ya kupanda kilima sijayaelewa. Wanapanda wangapi kwa mpigo, na mshindi anajulikanaje? Na kwa nini yafanyike kijijini, si kwenye uwanja? — Dereva wa bodaboda, Iringa

Marahaba, mwanangu. Wanapanda mmoja mmoja. Hakuna kufukuzana wala kubanana kwenye kona. Ukiitwa unasogeza chombo hadi mstarini, na mtu anachomeka kabari nyuma ya tairi la nyuma ili usirudi kinyumenyume, maana hata pale pa kuanzia ni mwinuko. Taa ya kijani ikiwaka, maana yake njia iko wazi, uondoke ukiwa tayari. Saa haihesabu tangu taa ilipowaka. Inaanza kuhesabu pale gurudumu lako la mbele linapokata mwali wa mwanga ulio mstarini, na inasimama ukikata mwali mwingine kule juu. Basi. Mwenye muda mfupi kuliko wenzake wa daraja lake ndiye mshindi, na madaraja yanagawanywa kwa umri wa pikipiki na ukubwa wa injini, ili mzee wa cc 250 asipimwe na mwenye cc 1000.

Njia ya Shelsley ina urefu wa mita 914, na toka chini hadi juu unapanda mita 100. Pale panapouma zaidi, kwa kila mita sita na kitu unazokwenda mbele unainuka mita moja. Najua watu wa milimani mtasema huo ni mwinuko wa kwenda kisimani. Ngojeni muuone ulivyo mwembamba. Fuso mbili hazipishani pale. Unaondoka, unapinda kushoto, unapinda tena kushoto huku mwendo umeshapanda, kisha ghafla njia inajikunja kushoto na kulia kama herufi S, ukingo wa udongo uko pembeni ya bega lako. Ukitoka hapo umenyooka hadi mwisho, na ni kuvuta mafuta tu.

Kwa nini kijijini? Kwa sababu ile ni njia ya shamba. Klabu ya magari ya eneo hilo, Midland Automobile Club, ilikuwa ikitafuta kilima kisicho barabara ya umma, ikakipata pale. Shindano la kwanza lilikuwa tarehe 12 Agosti 1905, na mshindi, Ernest Instone, alipanda na gari la Daimler kwa sekunde 77.6. Leo magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo hupanda kwa chini ya sekunde 23. Njia ni ileile. Ukiacha miaka ya vita kuu mbili, hawajaacha kuitumia.

Na kijiji kimebaki kijiji. Kuna kanisa la zamani la mawe ya chokaa yenye vitundu vitundu, kama mawe ya matumbawe ya kwetu pwani. Kuna kinu cha maji. Kuna miti ya matufaha. Pikipiki zinaegeshwa kwenye vibanda vya mbao vyenye namba, wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja na chupa za chai. Nilijisikia kama niko mnadani Mlalo siku ya gulio, isipokuwa badala ya mbuzi wanakaguliwa kabureta.

Shikamoo mjomba. Sisi vijana wa Lushoto tumesoma habari yako tukafurahi sana. Tuna barabara nzuri kutoka Mombo hadi Soni, kona tupu. Tumeanza kushindana Jumapili asubuhi na mapema, kabla magari hayajawa mengi. Tunaomba utufundishe mbinu za kupanda kwa kasi. — Vijana wanne, Soni

Marahaba wanangu. Barua yenu ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa hiyo nitaijibu kirefu.

Mbinu ninazo. Siwapi kwa ajili ya barabara ile.

Mimi ni mtoto wa barabara ile. Mwaka 1994 mimi na binamu yangu tulishindana kutoka Mombo kupanda Soni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa na hoja hiyohiyo yenu kwamba magari bado. Yeye alikuwa mbele. Tulipokaribia maporomoko, likatokea lori la kabichi likishuka, dereva wake yuko upande wake kabisa, hana kosa. Binamu alikuwa amechukua kona kwa upana, kama wafanyavyo wanaoshindana. Akaona lori, akakata kuingia ndani, changarawe ikamtereza, akaenda mtaroni na pikipiki ikamwangukia. Nilipofika alikuwa ameketi ananitazama, hasemi, mguu umeelekea usikotakiwa. Tulimpakia kwenye lori lilelile juu ya kabichi. Mpaka leo ana chuma gotini na hapandi ngazi bila kushika ukuta. Kila nikirudi likizo, yeye ndiye anayenisubiri stendi ya Mombo, na mimi ndiye ninayebeba begi langu na lake.

Sasa niwape habari ya kilima kingine. Kinaitwa Kop Hill, kiko nje kidogo ya mji mdogo wa Princes Risborough, Buckinghamshire, na kwenye sehemu yake kali zaidi unainuka mita moja kwa kila mita nne. Tangu 1910 watu walikipanda kwa pikipiki na magari, saa mkononi, maelfu wakija kutazama. Ilikuwa barabara ya umma, kama hiyo yenu. Kisheria haikuruhusiwa, ila wakubwa walifumba macho. Machi 1925 kijana mmoja mwanafunzi wa Oxford, Francis Giveen, alikuja na Bugatti aliyoinunua kwa dereva hodari Raymond Mays. Gari lilikuwa na nguvu kuliko uwezo wake wa kulituliza. Likamtoka, likaparamia ukingo uliojaa watazamaji, na mtazamaji mmoja akavunjika mguu.

Mguu mmoja tu, wanangu. Wala hakufa mtu. Lakini chama kikuu cha magari, RAC, kikaacha kutoa kibali kwa mashindano yoyote ya mwendo kwenye barabara za umma, na vilima vya England, kimoja baada ya kingine, vikanyamaza. Shelsley ikaendelea kwa sababu ilikuwa njia ya shamba. Ilipita miaka 92, hadi 2017, ndipo sheria ya England ikaruhusu barabara ya umma ifungwe rasmi kwa mashindano ya namna hiyo. Kop Hill yenyewe imefufuliwa tangu 2009: kila Septemba pikipiki na magari ya kale hupanda, barabara imefungwa, hakuna kupimwa muda, na fedha zinakwenda kwenye misaada. Nilikwenda mara mbili. Watu wanafurahi kama kawaida.

Kwa hiyo, wanangu, kama kweli mnapenda, angalieni wale wa Shelsley walifanya nini mwaka 1905. Walitafuta njia ya shamba. Usambara imejaa mashamba ya chai yenye barabara zake za ndani, zinazopanda na kujikunja, zenye geti na mlinzi. Nendeni kwa meneja mkiwa mmevaa vizuri, na mzazi mmoja au diwani awasindikize. Mwombeni Jumapili moja, siku isiyo na mavuno. Nendeni polisi wilayani mkaseme mnachotaka kufanya. Halafu mjipange hivi:

Mtu mmoja njiani kwa wakati mmoja, na asiondoke mwingine hadi aliye juu apige simu kwamba amefika. Watazamaji wakae juu ya ukingo, tena upande wa ndani wa kona, kwa sababu chombo kikishindwa kinatupwa nje. Upande wa nje wa kona asikae mtu hata kama ni mwenye shamba. Kila kona iwe na mtu wa bendera anayeonana kwa macho na wa kona inayofuata. Gari la kubeba mgonjwa liwe limegeuzwa, limeelekea chini, na dereva yumo ndani, asiende kununua muhogo.

Na kitu kimoja nilichokiona Shelsley ambacho hakina gharama kabisa: kila mpanda pikipiki amefungwa kamba kwenye kifundo cha mkono, upande wa pili umeunganishwa na swichi ya kuzima injini. Ukirushwa, kamba inavuta, injini inazima hapohapo. Pikipiki iliyolala huku tairi linazunguka inakata nyama kama msumeno. Swichi ya namna hiyo fundi yeyote wa umeme wa pikipiki anaweza kuifunga kwa nusu saa. Fungeni hata kwenye bodaboda za kazi.

Mkishapata shamba, niandikieni, nitawapa mbinu zote, na nikiwa likizo nitakuja kusimama kwenye kona nikiwa na bendera. Binamu naye amesema atakuja.

Bwana Fundi, ninafanya kazi ya kupeleka mizigo kutoka mjini hadi vijiji vya milimani. Pikipiki yangu chini inakwenda vizuri, ikifika juu inachoka, inatoa moshi mweusi na plagi inakuwa na masizi. Je, hao wazee wa vilima wanafanyaje? — Mbeya

Bwana, tatizo lako ni hewa, injini haina ugonjwa. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, kama asilimia 10 kwa kila mita 1000. Kabureta haijui kwamba umepanda. Inaendelea kumwaga petroli ileile, hewa ya kuichoma haitoshi, petroli iliyobaki inakuwa moshi mweusi na masizi. Dawa ni kupunguza jeti kubwa, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli, kilicho katikati ya bakuli la kabureta. Punguza namba moja, uende nayo siku mbili, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, umepatia. Ikiwa nyeupe umepunguza mno, rudisha upesi, maana injini inachemka na pistoni itatoboka. Safisha na chujio la hewa kabla ya kugusa jeti. Nusu ya wanaonilalamikia hivi chujio lao limejaa vumbi tu.

Wazee wa Shelsley hawasumbuki na jambo hilo, mita 100 ni kitu kidogo. Waliosumbuka, enzi za kabureta, ni wa Pikes Peak kule Marekani, kilima kilichoanza kushindaniwa mwaka 1916. Wanaanzia kwenye mita 2,862 na kumalizia mita 4,302, kwa hiyo kabureta iliyo sawa chini inakuwa imeharibika juu, na iliyo sawa juu haitoki chini. Walichagua ya katikati na kuvumilia.

Sehemu ya nguvu huwezi kuirudisha kwa jeti. Hewa ikipungua, nguvu inapungua. Weka sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi na ukubali kwenda polepole kwenye tambarare.

Fundi, mimi ni mama wa miaka sitini na nne. Uliandika kwamba kule kilimani kulinuka mafuta ya nyonyo. Nyonyo hii tuliyokuwa tukinyweshwa na mabibi zetu kusafisha tumbo? Au nilisoma vibaya? — Morogoro

Shikamoo mama. Ulisoma vizuri kabisa. Ni mbarika huuhuu, nyonyo hizihizi. Bibi yangu alikuwa akitubana pua Jumamosi asubuhi, kijiko kinaingia, na siku hiyo hatuendi mbali na nyumba. Sasa fikiria mimi, mwaka wangu wa kwanza England, nimesimama kwenye baridi ya asubuhi, pikipiki ya kizee inawashwa pembeni yangu, na ghafla namsikia bibi. Harufu si ile ya kijikoni hasa. Mafuta yakiungua yanakuwa na utamu fulani, kama sukari iliyokaribia kuungua sufuriani. Lakini chini yake nyonyo ipo. Nilitafuta mahali nikaketi.

Sababu yake ni hii. Injini za zamani za mashindano zilichemka sana, na oili ya madini ya siku zile ilikuwa ikikimbia kwenye chuma cha moto. Mafuta ya nyonyo yanang'ang'ania. Chuma kikichemka, yenyewe yanabaki yameshika. Ndiyo maana ndege za vita kuu ya kwanza ziliyatumia, na pikipiki za mashindano zikayarithi. Hata jina la Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la nyonyo.

Yana ubaya wake. Yakikaa yanaganda kama gundi, kwa hiyo jioni lazima yamwagwe yote yakiwa bado ya moto. Na hayapatani na oili ya kawaida, ukizichanganya zinafanya mabonge na kuziba njia. Yule mzee wangu ana mitungi miwili, mmoja ameuchora alama nyekundu, na mjukuu wake akiusogelea anaitwa jina lake kamili.

Hujambo Fundi. Mimi ni msichana, niko mwaka wa pili wa ufundi wa magari hapa Nakuru. Tuko wasichana wawili darasani. Kwenye hayo mashindano ya kilima, wanawake wapo, ama wanaleta chai? — Nakuru

Sijambo, binti yangu. Wapo. Siku ile niliyokuwa Shelsley, aliyekagua pikipiki yetu kabla ya kuruhusiwa kupanda alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alipiga magoti kwenye nyasi, akashika tairi la mbele akalitikisa, akapitisha kidole kwenye kila spoki kama anapiga kinanda, akasikiliza. Spoki moja ikatoa sauti nzito kuliko wenzake. "Hii imelegea," akasema. Nilikuwa nimezikaza zote mimi mwenyewe juzi yake. Nikachukua kispana na kuikaza mbele yake, akaipiga tena, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaangalia nati ya kumwagia oili kama imefungwa waya isijifungue njiani. Ilikuwa imefungwa. Akatupa karatasi.

Tafuta pia habari za Beatrice Shilling. Alikuwa mhandisi Mwingereza, na mwaka 1934 alizunguka uwanja wa mbio wa Brooklands na pikipiki yake ya Norton kwa mwendo wa maili 106 kwa saa, zaidi ya kilomita 170, akapewa nyota ya dhahabu. Kazi yake kubwa ilikuja wakati wa vita kuu ya pili. Ndege za Spitfire na Hurricane zilikuwa zikizima injini zikielekeza pua chini ghafla, kwa sababu kabureta ilifurika petroli. Yeye akabuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, cha kubana petroli isipite zaidi ya inayohitajika. Kikafungwa bila kuondoa ndege kazini. Alikwenda mwenyewe viwanja vya ndege kusimamia ufungaji, akiwa juu ya Norton yake.

Wewe na mwenzako kaeni pamoja mpaka mmalize. Na wakikupa kazi ya kufagia gereji kila siku wakati wavulana wanafungua injini, sema kwa sauti. Hilo nalo ni sehemu ya mafunzo.

Fundi, nina Honda CG125 ya marehemu baba, aliinunua mpya mwaka 1981. Watu wananiambia niiuze vyuma chakavu. Je, kwa hao wazungu wako inahesabika kuwa ya zamani? Na yule mzee wa Velocette, hukutuambia alimaliza kwa muda gani. — Tanga

Usiuze! Kwa sheria ya Uingereza chombo kikifikisha miaka 40 kinahesabika cha kihistoria. Hakilipiwi kodi ya barabara, na kwa kawaida hakilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa mwaka. CG ya baba yako imeshapita hapo. Na si pikipiki ya hivi hivi. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa wamelenga nchi kama zetu, baada ya kuona watu wanapakia kupita kiasi, hawabadilishi oili, hawakazi cheni. Wakaacha mnyororo wa ndani wa taimingi, wakaweka fimbo za kusukuma valvu, jambo la kizamani, kwa sababu fimbo zinavumilia ukorofi. Nyingi ya injini za Kichina zilizojaa mitaani leo ni watoto na wajukuu wa injini ile. Fundi yeyote wa bodaboda hapo Tanga anaweza kuifungua ya baba yako akiwa amefumba macho.

Fanya hivi. Mwaga oili yote. Toa plagi, tia oili kijiko kimoja cha chai ndani ya silinda, uiache usiku kucha. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, piga kiki taratibu kwa mkono, usiikanyage. Ikizunguka, una bahati. Ikigoma, usilazimishe, niandikie. Tangi lisafishe kwa kokoto ndogo na mafuta ya taa, utikise mpaka mikono iume, umwage, urudie. Kibao cha namba cha zamani usikitupe hata kama kimekula kutu.

Ama yule mzee. Ana miaka themanini na moja. Velocette yake ni KSS, silinda moja ya cc 348, iliundwa Hall Green, Birmingham, dakika kumi kutoka ninapoishi. Kiwanda hakipo tena. Miguu ya mbele ni vyuma vilivyounganishwa kwa springi moja, nyuma haina shokapu kabisa, kila jiwe unalisikia kiunoni. Zamu yake ilipofika, ikagoma kuwaka. Watu kumi wako nyuma yetu. Nilitaka kuisukuma, akanikataza kwa mkono.

Akaanza upya, kama anayeswali. Akafungua petroli. Akabonyeza kile kichuma kidogo juu ya kabureta mpaka petroli ikamlowesha kidole. Akarudisha nyuma kile kishikio kidogo cha upande wa kushoto kinachochelewesha cheche, maana cheche ikiwahi, kiki inarudi na kukuvunja kifundo. Akakanyaga kiki polepole mpaka akahisi pistoni imepanda na kukaza. Akanyanyua valvu kwa kishikio kingine, akasogeza kidogo tu, akaiachia. Akavuta pumzi. Akakanyaga mara moja.

Ikalia. Mlio wa silinda moja kubwa ule, unauhisi kifuani kabla ya masikioni. Mtu wa kabari akanitazama, nami nikarudi nyuma. Taa ikawaka, mzee akakaa sekunde mbili nzima akisikiliza injini, kisha akaondoka, mwili ameulaza mbele ili gurudumu lisinyanyuke. Nikamsikia akibadilisha gia kwa mguu, mara ya kwanza, ya pili. Baadaye miti ikamficha nikabaki na sauti. Kwenye ile S aliondoa mkono kwenye mafuta, nikasikia, akavuta tena mapema kuliko nilivyotegemea.

Sekunde 51 na nukta tatu. Alitaka hamsini.

Aliporudi chini, injini imezimwa, anateleza tu kwa uzito wake, alinipa kofia yake ngumu niishike na kuomba spana ya nati ya oili. Tukamwaga nyonyo bado ya moto kwenye bakuli la bati, pale kwenye nyasi, inavutika kama asali. Akasema mwaka ujao nikamshikie tena. Nikamwambia Julai yote niko wazi.